Asikione

Shaame Bakari, mchinjaji wa soko la Konde,
alikuja na kisu ndani ya gazeti la juzi,
akakiweka mezani pangu kwa adabu, makali yakitazama ukuta.
"Mize, nishonee ala," akasema.
"Nimechoka kukificha kwapani kama mwizi.
Na mwaka jana ndama mmoja alikiona."
Hakuongeza neno. Nami sikuuliza ndama alifanya nini.

Ngozi ninayo. Ilidabaghiwa kwa gome la mkandaa
enzi za baba, ikabaki uvunguni mwa kitanda,
nyekundu ya chai ya rangi, na harufu yake
haijaamua bado kama ni ya zizi au ya pwani.
Nikakilaza kisu juu yake, nikachora kwa mkaa,
nikaacha nusu kidole pembeni kwa ajili ya mshono,
nikakata.

Nikakata vibaya.
Shaame hutumia mkono wa kulia, huvaa mgongoni, chini ya shati,
na mimi nimegeuza kigezo: mdomo umeelekea kushoto.
Ala! nikasema peke yangu dukani,
na neno likanichekesha, maana ndilo hilo hilo.
Ile ya kwanza imekuwa soli za makubadhi ya mtoto.
Ya pili nilipima mara tatu,
kama mtu anayehesabu chenji ya asiyemwamini.

Sasa sikiliza, wewe usiyeshona.
Kati ya ngozi mbili huwekwa ukanda wa tatu,
mwembamba, upande wa makali,
hauonwi na mnunuzi wala mpita njia.
Kazi yake ni kukatwa.
Kisu kikiingia kwa pupa, huo ndio huumwa,
uzi ukasalimika.
Pasi na huo, ala nzuri kabisa hufumuka kwa mwezi mmoja.
Baba aliuita mke mkubwa, akicheka.
Mama, aliyekuwa mke mkubwa, hakucheka.

Msharasi, tundu. Msharasi, tundu.
Uzi nimeupitisha kwenye nta hadi ukalia kidoleni.
Sindano mbili hukutana ndani ya tundu moja
kama wageni wawili mlangoni:
tangulia wewe; la, tangulia wewe;
kisha zote hupita, nami navuta,
na ngozi hutoa sauti ndogo ya mtu aliyekubali deni.

Usiku nikailoweka. Kisu nikakivika nailoni,
nikakitia ndani, nikaikanda ala kwa gumba
mpaka tumbo la kisu likajitokeza, na bega, na shingo.
Siku mbili kivulini, mbali na jua na paka.
Kisha ukingo: maji kidogo, nta, na kipande cha mchi uliovunjika,
nasugua, nasugua,
hadi tabaka tatu zikawa moja
na ukucha haujui tena pa kuingilia.
Mwisho mafuta ya nazi, kwa kitambaa cha kanga
ambayo maneno yake yamekwisha kufutika.

Ijumaa baada ya sala akaja.
Nikaigeuza juu chini: kisu hakikuanguka.
Akakichomoa. Tukasikiliza wote wawili.
Kimya. Akakirudisha, akakichomoa tena,
kama anayetafuta kosa huku akiomba asilione.

"Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama," nikamtania.
"Na mwenye ala je?"
Akafikiri. "Huyo humwacha ng'ombe
anywe maji yake akamaliza."

Akafunga mkanda, akashusha shati, akageuka:
mgongo wa kawaida wa mtu anayekwenda sokoni.
Ngozi ya ng'ombe imekishika kisu
ili ng'ombe asikione.
Sijui kama hiyo ni huruma
au ni hila iliyoshonwa vizuri.
Nimelipwa elfu thelathini, na nusu kilo ya maini.

Changu mwenyewe, cha kukatia ngozi, kiko mezani,
nimekifunga kwa lile gazeti aliloliacha.
Mganga hajigangi.